Gari Lenye Mtu Halifungwi

Mwanangu ni fundi wa mashine za kufulia. Nalisema mapema, kwa sababu kuna watu wakisikia binti yangu ameajiriwa na kampuni kubwa hudhani anakaa kwenye kiti cha kuzunguka huku anapaka kucha rangi. Thubutu! Kucha zake zina grisi. Akinyoosha mkono kukusalimia, utanusa mafuta ya mashine kabla hujasikia shikamoo. Mafundi wenzake wanamwita Spana, na mimi mwenyewe nimelizoea jina hilo mpaka siku nyingine linanitoka mezani mbele ya wageni.

Alipoingia chuo cha ufundi, shangazi yake alifunga safari kuja kunipa pole. Pole, kama vile nyumbani kwangu kuna msiba. Akakaa, akashika tama, akasema, "Wifi yangu, mtoto wa kike na bisibisi wapi na wapi? Nani atamwoa huyu?"

Nikamwambia, "Atakayekuja atakuja, wifi. Na akija atakuta pasi ya mama mkwe wake inafanya kazi. Yako je?"

Akaufungua mkoba wake, maana pasi yake ilikuwa imo humohumo, imeungua waya, na ameileta itengenezwe. Spana akaitengeneza wakati sisi tunakunywa chai. Shangazi akaondoka nayo, na ule mjadala wa kuolewa akaondoka nao pia.

Ukitaka kumjua mwanangu, mtazame anavyoanza kazi. Hafungui mashine ya mtu kabla hajatandika shuka kuukuu sakafuni. Juu ya shuka anaweka trei la mayai, lile la karatasi ngumu, na kila skrubu anayoitoa anaiweka kwenye shimo lake kwa mpangilio aliozitoa. Akimaliza, anarudi nyuma shimo kwa shimo. Na mlangoni, kabla ya yote, ana maneno yake: "Leo ni bure, mama. Hata maji ya kunywa nimekuja nayo."

Bure hiyo ndiyo waranti. Ukinunua mashine kwao ikaharibika kabla muda haujaisha, wanamtuma fundi nyumbani kwako na hutoi hata senti. Wameliandika hilo ubavuni mwa gari kwa herufi nyekundu kubwa ambazo hata mimi nazisoma bila miwani: TUNAKUJA, TUNATENGENEZA, HULIPI KITU.

Sasa niambie. Gari limefika mjini, mtaa wa maghorofa, kila nafasi ya kuegesha ina ushuru wake, na mtu wa maegesho anapita na kizibao chake na kimashine chake kiunoni. Nani analipa? Mteja halipi, ameshaambiwa halipi kitu. Ofisi nayo ilikuwa hailipi. Ukimuuliza msimamizi wa mafundi, jibu lake lilikuwa moja tu, mvua inyeshe, jua liwake: "Malizaneni hukohuko." Ndiyo maana mafundi wakambatiza Bwana Malizaneni.

Walimalizana vipi? Wengine walimnong'oneza mteja, "Mama, kuna kahela kadogo ka maegesho." Mteja mwingine alitoa, mwingine alipiga simu ofisini. Na ofisini, wee! Malizaneni yuleyule alibadilika kama hajawahi kusema neno. "Umemwomba mteja wa waranti pesa?" Mwenzake Spana mmoja, baba wa watoto, alifukuzwa hivyohivyo, na vifaa vyake akavifuata getini.

Mwanangu hakunong'ona kwenye mlango wa mtu. Alilipa mwenyewe. Mimi nikaona mboga inapungua sahanini, viatu vinapigwa kiraka juu ya kiraka, na nikapandisha hasira. Nikamuuliza, "Wewe ni fundi au ni mfadhili wa jiji?"

"Mama, nikishamwambia mtu ni bure, iwe bure."

"Iwe bure kwake! Kwako je?"

Akacheka, akaendelea kula. Mtoto huyu ukimkasirikia anacheka, na hapo ndipo hasira zinapozidi.

Basi mafundi wakagundua kitu. Watu wa maegesho wa mitaa ile walikuwa na desturi yao: gari lenye mtu halifungwi. Wakikuta mtu amekaa kwenye usukani wanahesabu kwamba anaondoka, wanamgongea kioo, wanamwambia asogee, wanaendelea na safari. Gari tupu ndilo linalopigwa mnyororo, kile chuma cha njano gurudumuni. Kwa hiyo fundi mmoja akaanza kuja kazini na mkewe, mwingine na kaka yake aliyekuwa hana kazi. Mwanangu akawa na mimi.

Nilikuwa nimestaafu. Maisha yangu yote nilipiga deki sakafu za hospitali, na mgongo wangu ukaondoka na mshahara wa mwisho. Nikakaa nyumbani nikihesabu nzi. Spana aliponiambia, "Mama, twende ukanikalie garini," nilijifanya nasitasita, lakini mto wangu wa kukalia nilishauweka tayari mlangoni.

Nikawa dereva. Yaani, nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti cha dereva. Mikono kwenye usukani, macho mbele, uso wa mtu mwenye haraka zake. Wakigonga kioo nasema, "Natoka sasa hivi, mwanangu." Spana alinifundisha kuzungusha ufunguo mara moja tu, taa za kwenye dashibodi ziwake, kisha nishushe kile kijiti cha indiketa. Tik, tik, tik. Mtu wa maegesho akiona indiketa inawaka, roho yake inatulia, anakwenda kwa mwingine. Nikishaona mgongo wake, nazima.

Kasoro ilikuwa moja. Sijui kuendesha gari. Hata baiskeli sijui.

Wiki ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwisho ya mkataba wa majaribio wa Spana. Miaka miwili wanamrusharusha: majaribio, nyongeza ya majaribio, majaribio ya nyongeza. Safari hii ilikuwa ama aajiriwe moja kwa moja, ama aonyeshwe mlango. Malizaneni alimwita akamwambia, "Wiki hii usiniletee lalamiko lolote. Hata moja." Nyumba nzima tukawa tunatembea kwa vidole.

Siku hiyo tulikwenda kwenye ghorofa la mtaa wa benki, ambako ushuru wa kuegesha ndio mkali kuliko kote. Nilimsaidia kubeba trei la mayai mpaka juu, ghorofa ya tatu, ndiyo maana niliona kwa macho yangu. Mwenye mashine alikuwa mwanamke wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chumba cha pili mumewe amelala, kiharusi kimemshika upande mzima. Mashuka yamejaa beseni, yamejaa ndoo, yamejaa mpaka bafuni. Nimefanya kazi hospitalini, nikajua mara moja mama huyu anabadilisha mashuka mara ngapi kwa siku na mikono yake ikoje.

"Iliponguruma kwa mara ya mwisho nilidhani jengo linaanguka," alisema. "Tangu hapo nafua kwa mkono."

Spana akazungusha pipa la ndani kwa kiganja, akasikiliza. "Beringi, mama. Leo ni bure. Hata maji ya kunywa nimekuja nayo." Akatandika shuka lake.

Beringi, ile pete ya chuma ambayo pipa linazungukia, si mchezo, wasomaji wangu. Ili uifikie unaivua mashine nguo zote. Mpaka pipa litoke, sakafu nzima ni vyuma, na ukishafika hapo huwezi kusema naomba nishuke nikasogeze gari. Nikashuka mimi, nikakaa juu ya mto wangu, nikaanza udereva.

Mtu wa maegesho wa siku hiyo alikuwa mgeni kwangu. Mwembamba, kofia imemzidi kichwa, heshima tele. Akagonga kioo. "Shikamoo mama. Naomba usogeze."

"Marahaba. Natoka sasa hivi, mwanangu." Tik, tik, tik.

"Sawa, mama." Akakunja mikono, akasimama palepale.

Haijawahi kutokea. Wenzake wote huondoka wakisikia indiketa. Huyu alisimama kama aliyetumwa.

"Mbona huendi?" nikamuuliza.

"Nakusubiri utoke, nikusimamishie magari."

"Linapasha moto kwanza."

Akainama, akatega sikio. "Mama, halijawashwa. Litapashaje moto?"

"Usinifundishe gari! Kabla hujazaliwa mimi niko kwenye gari!" Na kweli nilikuwa kwenye magari, kiti cha nyuma.

"Basi washa, mama."

Nikatazama mbele. Naye akatazama mbele, kuona ninachokitazama. Indiketa ikaendelea kutusengenya, tik, tik, tik. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, tena kwa adabu, na adabu yenyewe ndiyo iliyoniuma zaidi, "Mama, kuendesha hujui."

Akaenda kuleta mnyororo.

"Utanifunga na mimi ndani?" nikapiga kelele.

"Nafunga gurudumu, mama. Wewe uko huru."

Nikampigia Spana simu. Akashuka mbio, grisi mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake mwenye mashine na ndala zake, pochi mkononi. Alishaelewa yote kwenye ngazi. "Nilipe mimi," akasema. "Mmekuja kwa ajili yangu. Kiasi gani?" Akaanza kufungua zipu.

Sitakudanganya, mimi nilishapumua. Faini ilipwe, mnyororo utoke, mkataba usainiwe, funika kombe. Lakini mwanangu akaushika mkono wa yule mama, ukachafuka grisi, akaufunga kwenye pochi yake.

"Mama, rudisha. Nilikuambia bure."

"Si umeniambia mashine? Hili ni gari."

"Mashine haikuja yenyewe ofisini, mama. Sisi ndio tumeahidi kuja."

Kisha akapiga simu ofisini, akaweka spika kwa sababu hakutaka grisi sikioni, sote tukasikia.

"Msimamizi, gari limefungwa mnyororo hapa mtaa wa benki."

"Malizaneni hukohuko."

"Na nani? Mteja halipi, limeandikwa ubavuni. Na mimi leo silipi. Gari si langu."

Msimamizi akashusha sauti. "Spana, unajua wiki hii ni wiki gani?"

"Najua."

"Karatasi zako ziko mezani kwangu."

"Najua. Na beringi ya mteja iko sakafuni kwake. Naimaliza, halafu nakwenda kwa mteja wa pili kwa miguu. Gari nakuachieni. Ufunguo anao mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu."

Akakata. Nilitaka nimzabe kofi na nimkumbatie, vyote kwa pamoja. Miaka miwili mtu anavumilia, anakuja kuvimba wiki ya mwisho! Nikamwambia, "Mwanangu, kazi imekwenda."

"Huenda, mama," akasema. Safari hii hakucheka. Akapanda ngazi kuirudia mashine yake.

Nilikaa pale nikiomba kila dua ninayoijua. Baada ya muda mrefu nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Mwenye mashine amejitokeza barazani ghorofa ya tatu, anapunga mikono. "Inazunguka! Jamani haisikiki! Inazunguka!" Haikupita muda shuka la kwanza likaanikwa kwenye kamba, jeupe, linadondosha maji mpaka kwenye kioo changu cha mbele. Sikuwasha hata waipa. Niliyaacha yadondoke.

Spana akashuka na mkoba begani na trei la mayai kwapani, tupu, skrubu zote zimerudi kwao. "Mama, chukua gari la abiria uende nyumbani."

"Niache vipuri vya watu kwenye gari lililofungwa? Nenda kazini kwako. Mimi niko kazini kwangu."

Akanibusu kipaji cha uso, akaniachia alama ya grisi, akakata kona na mzigo wake. Fundi wangu huyo, nikasema kwa sauti, na mtu wa maegesho akasikia. "Nimeona, mama," akajibu.

Basi gari likawa maonyesho. Mtaa wa benki hauishi watu. Wanapita, wanasoma HULIPI KITU, macho yanashuka kwenye mnyororo, wanaangua kicheko. Mmoja akasema, "Limekuja, limetengeneza, limefungwa." Wakapiga picha. Na ndani ya picha, kwenye usukani, mimi, na alama yangu ya grisi usoni. Walioniuliza niliwajibu, tena kwa kirefu. Mtu wa maegesho aliniomba nishuke nikapumzike kivulini, nikakataa. Akaniletea maji. Nikayanywa, lakini kununa sikuacha.

Picha zina miguu. Jua halijashuka, gari dogo jeusi likasimama nyuma yetu. Akashuka Malizaneni, na kabla yake mkubwa wa kampuni mwenyewe, mwanamume wa umri wa kuwa mwanangu, shati limechomekwa vizuri. Akaja dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa lipa."

Akakohoa. "Samahani, mama. Wewe ni nani kwenye kampuni yetu?"

Hapo hasira yangu yote ya miaka miwili ikapanda, lakini ikatoka kwa utulivu, sijui niliutoa wapi. "Mimi ndiye maegesho yenu. Mlidhani magari yenu yanasimama wapi mjini humu, hewani? Siku ambazo mwanangu alikuwa na hela, alilipa yeye. Siku ambazo hakuwa nazo, nilikaa mimi. Na mgongo wangu hamkuupa waranti."

Mkubwa akamgeukia Malizaneni. "Mafundi wetu huwa wanalipaje maegesho?"

"Huwa... wanamalizana, mkubwa."

"Na nani?"

Juu barazani sauti ya mwenye mashine ikapasuka, "Msimguse fundi wangu! Nasema msimguse!" Mkubwa akainua uso, tone la shuka likamwangukia kwenye shavu. Akasoma ubavu wa gari lake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. Akatoa pesa.

Mtu wa maegesho akazipokea, akashika kimashine chake. "Risiti niandike jina la nani?"

Nikatoa kichwa dirishani, nisikie vizuri.

"Andika la kampuni," akasema mkubwa.

Spana alirudi mnyororo umeshatolewa. Mkubwa akamwambia neno moja tu: kesho, ofisini, asubuhi. Uso wake hausomeki. Asubuhi nikampigia pasi sare yake mara mbili, nikijua huenda anakwenda kuirudisha.

Alirudi mchana akasimama mlangoni. Nikamtazama mikono kwanza. Ilikuwa na grisi mbichi.

"Wamekufukuza?" nikauliza, maana mdomo haukusikia macho.

"Nimetoka kazini, mama. Nimeajiriwa." Akanieleza: mkubwa aliwakusanya mafundi wote, akatangaza kuwa maegesho ni juu ya ofisi kuanzia siku hiyo, na kila asubuhi Malizaneni ndiye atakayesimama getini kuwagawia pesa za kuegeshea. Yule mwenzao aliyefukuzwa ameitwa arudi. Spana alikuwa amelitaja jina lake kabla ya kushika kalamu kusaini mkataba.

Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Nilipomaliza, akanishika bega. "Lakini mama, sasa wewe..."

"Mimi nimeachishwa kazi," nikasema. "Najua. Toa mto wangu garini."

Wiki iliyofuata nilipita mtaa wa benki nikitoka sokoni. Sikupanga, au tuseme nilipanga kidogo. Gari lilikuwa limeegeshwa nafasi ileile. Risiti iko mbele ya kioo, inaonekana wazi, na kwenye kiti cha dereva hamna mtu. Nikaweka mfuko chini nikalitazama. Barazani juu mashuka yanapepea.

Mtu wa maegesho akaja, kofia ileile imemzidi kichwa. "Shikamoo mama. Leo hukai?"

"Marahaba, mwanangu. Leo limelipiwa," nikamwambia. "Na ukitaka kumjua fundi wake, yuko juu anafanya kazi. Mimi ni mama yake."